SOMO LA SITA: WATU WENGI, KAZI MOJA
Historia ya kihariri na matawi

Chukua kalamu, tuanze.

Fikiri kwanza habari ya makarani wawili wa chama cha ushirika wenye daftari moja. Karani wa kwanza anakili ukurasa, aenda nao nyumbani kuusahihisha. Huku nyuma mwenzake asahihisha ukurasa ule ule katika daftari. Kesho yake wa kwanza arudi, abandika ukurasa wake juu ya ule uliopo. Je, kazi ya mwenzake imekwenda wapi? Imepotea, wala hapana mwizi. Mashaka kama hayo yaliwasumbua waandishi wa programu za kompyuta kwa miaka mingi. Leo tutaona dawa waliyoitafuta.

Chombo cha kwanza ni kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi. Mwaka 1969 Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, aliandika kihariri kiitwacho ed, kilichoshughulikia maandishi mstari kwa mstari. Mwaka 1976 Bill Joy, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitengeneza vi, kilichoonyesha ukurasa mzima juu ya kioo. Mwaka huo huo Emacs kilianza katika chuo cha MIT. Vihariri hivi vyatofautiana kwa mengi, lakini kwa jambo moja ni ndugu: kila kimoja huchukua nakala ya faili. Wewe huandika juu ya nakala. Faili yenyewe, iliyo katika diski, haibadiliki mpaka utoe amri ya kuhifadhi. Lishike sana jambo hili, maana tutalirudia.

Chombo cha pili ni ghala la matoleo. Mwaka 1972 Marc Rochkind, wa maabara ile ile ya Bell, aliunda SCCS, mfumo wa kuweka kila toleo la faili, ili mtu aweze kulirudia la jana au la mwaka jana. Mwaka 1982 Walter Tichy, wa Chuo Kikuu cha Purdue, alileta RCS. Desturi ya mifumo hiyo ilikuwa kufuli. Anayetaka kusahihisha faili huifunga kwa jina lake, na wengine husoma tu mpaka airudishe. Kufuli lilizuia upotevu, lakini lilileta foleni. Mtu akifunga faili kisha akaenda likizo, wenzake hukaa bure.

Sasa twende Uholanzi. Miaka ya 1984 na 1985, mwalimu Dick Grune wa Vrije Universiteit, mjini Amsterdam, alikuwa akitengeneza pamoja na wanafunzi wawili programu ya kufasiri lugha ya C. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu alipata nafasi jioni tu. Kwa watu kama hao kufuli ni kikwazo. Basi Grune alitunga CVS, akaitoa kwa watu wote mwaka 1986. Hapo kila mtu alichukua nakala yake, akaandika, kisha kazi zikaunganishwa. Ikiwa wawili wamebadili mstari ule ule, programu haiamui nani ana haki. Huweka alama mahali pa mgongano, na mtu hupafungua katika kihariri akaamua mwenyewe.

Na tawi ni nini? Ni njia ya kazi inayochepuka kutoka shinani, upate kujaribu jambo bila kuharibu kazi ya wote. Hata mifumo ya zamani ilikuwa na matawi, lakini kuyarudisha shinani kulikuwa na taabu, watu wakayaogopa. Mwezi wa Aprili 2005, watengenezaji wa Linux walipokosa ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper, Linus Torvalds alianza kuandika Git. Katika Git tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye toleo fulani. Kulifungua ni kazi ya nukta moja, na watu wakazoea kufungua tawi kwa kila shauri dogo.

Lakini hapa, rafiki msomaji, karani wetu wa kwanza anarudi mlangoni. Ukihama tawi, Git hubadili mafaili katika diski. Kihariri chako bado chaweza kushika nakala ya tawi la kwanza. Git haijui lolote juu ya maneno ambayo hujayahifadhi. Ukihifadhi bila kutazama, umebandika ukurasa wa tawi moja juu ya ukurasa wa tawi jingine.

Ndiyo sababu vihariri vilijifunza kulitazama ghala. Mwaka 1992 Eric Raymond alikitengenezea Emacs sehemu ya VC, ambayo leo huonyesha jina la tawi chini ya ukurasa. Mwaka 2008 Marius Vollmer alileta Magit, ya kuendesha Git ndani ya Emacs. Na mwaka 2015 Git ilipata amri ya worktree, inayolipa kila tawi folda yake, usihitaji kuhama.

Basi shika desturi tatu. Kwanza, soma jina la tawi kabla ya kuandika. Pili, hifadhi na uweke kazi yako ghalani kabla ya kuhama. Tatu, kihariri kikikuonya kwamba faili imebadilika katika diski, usikilazimishe, simama, linganisha. Onyo hilo ni sauti ya mwenzako ambaye hayupo chumbani.

Zoezi la juma hili: fungua matawi mawili, badili mstari mmoja katika yote mawili, kisha uyaunganishe. Utazame mgongano kwa macho yako, ukiwa huna cha kupoteza.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.