Mgeni Aliye Ndani: Historia ya Wayahudi na Fadhili kwa Nafsi

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilifeli mtihani wa fonolojia. Niliurudia, nikafeli tena. Baba alikuwa ameuza ng'ombe ili nilipiwe karo. Nilipompigia simu hakunikaripia. Aliniuliza tu kama nimekula. Aliyenikaripia ni mimi mwenyewe. Nilinunua daftari dogo, na kila usiku nikaandika makosa ya siku ile: nimelala mno, nimechelewa maktaba, mimi ni mjinga. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa limejaa, lakini sikuwa nimesoma hata sura moja zaidi.

Muhula huo mwalimu wetu wa historia ya dini alitutaka tuandike juu ya imani ya jirani. Mimi ni mzaliwa wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Karibu na mji wetu wanaishi Abayudaya, Waganda wafuatao dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoianza njia hiyo mwaka 1919. Tangu utotoni niliwaona wakipumzika Jumamosi, nikajua machache kuliko hayo. Kwa hiyo nilichagua dini yao, na vitabu vikanipeleka mbali na Mbale, hadi Yerusalemu ya kale, Ukraine, Poland na Marekani.

Swali la insha hii ni moja. Leo wako Wayahudi, hasa Marekani, ambao huketi kimya na kujitakia mema kwa maneno mafupi: nijaliwe amani, nijaliwe afya, niwe salama. Kisha humtakia hivyo mtu wanayempenda, halafu mtu wasiyemjua, na mwisho hata mtu aliyewaudhi. Huiita tafakuri ya chesed. Je, jambo hili ni la Kiyahudi kweli, au ni nguo ya kuazima? Nitajaribu kuonyesha kwamba mshono ni wa kuazima, lakini kitambaa chenyewe kilikuwamo nyumbani zamani.

Tuanze na neno. Chesed ni neno la Kiebrania lenye maana ya wema unaodumu, wema ambao mtu hautoi kwa sababu anadaiwa. Biblia ya Kiswahili mara nyingi hulifasiri kwa neno fadhili. Katika Biblia chesed ni sifa ya Mungu kwanza, halafu ni wajibu wa mtu kwa mwenzake: kumzika maiti, kumkaribisha mgeni, kumtembelea mgonjwa. Nafsi ya mtendaji mwenyewe haitajwi sana. Lakini inatajwa. Mithali 11:17 inasema kwamba mtu mwenye chesed huitendea mema nafsi yake.

Aya hiyo ndiyo walimu wa kale waliyoifungamanisha na kisa cha Hillel, aliyefundisha Yerusalemu katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Siku moja baada ya somo aliondoka, na wanafunzi wake wakamuuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba anakwenda kumfanyia fadhili mgeni aliye nyumbani kwake. Wakashangaa: kila siku una mgeni? Akawaambia kwamba mgeni huyo ni nafsi yake maskini, iliyomo mwilini leo na kesho haimo tena.

Mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu hapa. Kisa hiki kimo katika Vayikra Rabbah, mkusanyiko wa mafundisho wa karne ya tano hivi baada ya Kristo. Hillel alikuwa amekufa zamani, na hatuwezi kuthibitisha kwamba alisema maneno hayo. Tunachoweza kuthibitisha ni kwamba kufikia wakati huo walimu wa Kiyahudi walikwisha kufundisha kuwa nafsi yako nayo ni mtu wa kufanyiwa fadhili.

Nilipokisoma kisa hiki nilikumbuka methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mgeni wangu nilimpa jembe siku ya kwanza, na chakula sikumpa kamwe.

Miaka elfu na zaidi baadaye, katika Ulaya ya Mashariki, tunakutana na njia mbili za kuishughulikia nafsi. Ya kwanza iliitwa cheshbon ha-nefesh. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi, kwani cheshbon ni ndugu wa hesabu, na nefesh ni ndugu wa nafsi. Sisi tuliyapata maneno haya kutoka Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania. Mwanzoni mwa karne ya 19 Menachem Mendel Lefin aliandika kitabu chenye jina hilo. Alipendekeza tabia 13, kila moja ipewe wiki yake, na mtu aandike makosa yake kila siku, hata mzunguko urudiwe mara nne kwa mwaka. Mpango huo Lefin aliuchukua kwa Mmarekani Benjamin Franklin, ambaye hakuwa Myahudi. Pamoja na hayo, rabi Israel Salanter na wafuasi wake wa njia ya Musar walikipokea kitabu na kukienzi. Basi kuazima kwa jirani si jambo lililoanza jana.

Nilicheka peke yangu maktabani nilipofika hapo. Daftari langu lilikuwa la Lefin, bila mimi kujua. Tofauti ni kwamba Lefin alitaka tabia moja kwa wiki, kwa utulivu. Mimi nilitaka zote usiku mmoja.

Njia ya pili ni ya rabi Nachman wa Bratslav, aliyezaliwa mwaka 1772 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, akiwa na miaka 38 tu. Nachman alijua huzuni. Vipindi vya kukata tamaa vilimjia tena na tena. Aliwafundisha wafuasi wake watenge muda kila siku, wakae peke yao, hata porini, na waongee na Mungu kwa lugha yao ya nyumbani, Kiyidi, kama mtu anavyoongea na rafiki. Katika somo moja lililomo katika Likutei Moharan, kitabu kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1808, anamtaka mtu atafute hata kwa mwovu jambo moja dogo jema. Kisha anageuka: fanya hivyo na kwako mwenyewe. Hata ukiliona jema lako lina dosari, lishike, utafute la pili. Sisi tunasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nachman anauliza, na mnyonge huyo akiwa wewe?

Hata utulivu wa kukaa kimya haukungoja Marekani. Nchini Poland, rabi Kalonymus Kalman Shapira wa Piaseczno alifundisha namna ya kuyatazama mawazo mpaka yatulie, ndipo mtu aombe tabia njema anayoihitaji. Shapira aliuawa na Wanazi mwaka 1943. Sehemu ya maandishi yake ilifichwa ardhini huko Warsaw na kupatikana baada ya vita. Walimu wengi wa namna yake waliangamia pamoja na wanafunzi wao, na hii ni sababu moja kwa nini vijana wa Kiyahudi wa Marekani waliozaliwa baadaye hawakukuta mtu wa kuwafundisha.

Wengi wao walitafuta Asia. Katika miaka ya 1970 Sharon Salzberg, Joseph Goldstein na Jack Kornfield, wote watatu kutoka familia za Kiyahudi, walianzisha kituo cha tafakuri ya Kibudha huko Barre, Massachusetts. Hapo ilifundishwa metta, yaani kuwatakia mema viumbe wote. Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya tano, alielekeza kwamba mtu aanze na nafsi yake. Baadaye walimu kama Sylvia Boorstein, Myahudi aliyefundisha tafakuri hiyo, waliandika jinsi ilivyowarudisha kwenye sala za kwao. Wengine waliweka ndani yake maneno ya baraka ya makuhani iliyomo katika kitabu cha Hesabu. Basi umbo lilitoka kwa Wabudha, na kulificha hilo si haki.

Lakini tazama safari ya neno. Mwaka 1535 Miles Coverdale, alipokuwa akifasiri Biblia kwa Kiingereza, aliunda neno lovingkindness ili kulibeba neno chesed. Wafasiri wa maandishi ya Kibudha walipotafuta neno la Kiingereza la kubebea metta, walichukua lilelile. Hivyo Myahudi aliyeketi Barre akiambiwa ajifanyie lovingkindness alikuwa akisikia chesed ya babu zake imerudi kwa mlango wa nyuma. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna haki ya kumcheka. Fadhili ni ya Kiarabu, shule ni ya Kijerumani, meza ni ya Kireno, na hakuna anayetuambia kwamba hatusemi lugha yetu.

Kwa kumalizia, sikuwa Myahudi kwa kusoma haya, wala huzuni yangu haikuisha. Nilijaribu maneno yale usiku mmoja kitandani na nikaona aibu, kama mtu anayejisifu mbele za watu. Nikaacha. Nilichobaki nacho ni daftari. Ukurasa wa kushoto naandika hesabu: kosa moja, si yote. Wa kulia naandika jema moja, hata likiwa na dosari. Siku nyingine ni hili tu: nimempigia baba.

Mtihani niliurudia mara ya tatu, nikapita kwa alama chache. Niliporudi Mbale likizoni, baba aliniuliza tena kama nimekula. Safari hii nilijibu kweli.