Dakika Kumi Nje: Kwa Nini Vifungo Virefu Havijamlinda Mwamuzi

Tarehe 11 Desemba 2023, mara tu mechi ya Ankaragücü na Rizespor ilipomalizika kwa sare ya 1-1, rais wa Ankaragücü, Faruk Koca, aliingia uwanjani na kumpiga ngumi mwamuzi Halil Umut Meler. Ligi za Uturuki zilisimamishwa na Koca akafungiwa maisha. Adhabu hiyo ilimstahili. Hata hivyo, tukio hilo liliamsha tena dai la siku nyingi: heshima itarudi viwanjani adhabu zikiongezwa uzito.

Makala haya yanalipinga dai hilo. Kumtukana mwamuzi na kumzonga hakukomeshwi na urefu wa kifungo, bali na adhabu inayotolewa papo hapo na kuiumiza timu nzima.

England inatoa mfano mzuri. Septemba 1998, mchezaji Paolo Di Canio alimsukuma mwamuzi Paul Alcock akaanguka; alifungiwa mechi 11 na kutozwa faini ya pauni 10,000. Machi 2023, mchezaji Aleksandar Mitrović alimshika na kumsukuma mwamuzi Chris Kavanagh katika robo fainali ya Kombe la FA; alifungiwa mechi nane. Vifungo vya namna hii hushughulikia makosa ya nadra. Utovu wa heshima wa kila wiki, wachezaji watano wakimzunguka mwamuzi huku wakimfokea, huishia kwenye kadi moja ya njano, na mchezo huendelea kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

Kwamba uhakika na uharaka wa adhabu huzuia kosa kuliko ukali wake, mwanafikra wa sheria Cesare Beccaria alilieleza tangu 1764, na hakuna haja ya kulirudia hapa. Ubishi uko kwa wasimamizi wa soka.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka ligi za ridhaa za England. Kati ya 2017 na 2019, chama cha soka cha England, FA, kilijaribu utaratibu wa kumtoa mchezaji kwa muda katika ligi 31. Anayembishia mwamuzi huonyeshwa kadi ya njano, kisha mwamuzi hunyoosha mikono yote miwili kuelekea pembeni mwa uwanja. Katika mechi ya dakika 90, mchezaji hukaa nje dakika kumi na timu yake hubaki na watu kumi. Matokeo yake, makosa ya kumbishia mwamuzi yalipungua kwa asilimia 38. Asilimia 72 ya wachezaji, yaani wale wale wanaoadhibiwa, walitaka utaratibu huo uendelee. Katika msimu wa 2019/20, utaratibu huo ulienezwa katika soka la ridhaa nchini humo.

Wapinzani wana hoja. Mapema 2024, pendekezo la kadi ya buluu kwa ajili ya adhabu kama hii lilikataliwa na marais wa FIFA na UEFA. Makocha walihofia kwamba timu iliyopungukiwa ingepaki basi na kupoteza muda hadi mchezaji arudi. Pengine ingefanya hivyo, lakini timu inayolazimika kujilinda dakika kumi kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja tayari imelipa, na nahodha wake atahakikisha haijirudii.

Hoja nzito zaidi ni ya kihistoria. Kuanzia 2000, England ilijaribu kusogeza mpira wa adhabu mbele yadi kumi kila timu iliyoadhibiwa ilipobisha, kama ilivyo katika raga. Jaribio hilo liliachwa 2005. Lakini adhabu ile ilitegemea eneo: katikati ya uwanja yadi kumi hazikuwa na maana, na karibu na lango ziliweza hata kumsumbua mpigaji. Dakika kumi zina uzito popote kosa linapotokea.

Katika Euro 2024, UEFA ilielekeza kwamba nahodha pekee ndiye amwendee mwamuzi kuomba maelezo. Ni hatua njema, ila atakayeikaidi bado anangojewa na kadi ile ile ya njano.

Ni kweli kwamba takwimu za ridhaa hazithibitishi moja kwa moja kitakachotokea katika soka la kulipwa, ambako pointi moja ina thamani ya mamilioni. Lakini hapo ndipo kukaa nje kungeuma zaidi. Bodi ya sheria za soka, IFAB, iruhusu ligi ya kulipwa ya daraja la pili, popote itakapojitolea, ijaribu utaratibu huu kwa misimu miwili, kwa kosa la kumbishia mwamuzi peke yake, na matokeo yachapishwe yote.