Ofisi ya PC Iligeuka Nyumba ya Sanaa. Ufunguo Anao Nani?

Miaka mingi nimepita pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, nimekaa dirishani kwa matatu, nikidhani kile kijengo cha mawe kando ya Nyayo House bado ni ofisi ya serikali. Kumbe ndani kuna sanaa! Na historia yake ina funzo kwetu sisi tunaolia kila siku ati Nairobi haina nafasi ya wasanii.

Jengo hilo ni la 1913. Wakoloni walilitumia kuendesha mambo ya "wenyeji", yaani sisi. Baadaye likawa ofisi ya PC, Mkuu wa Mkoa. Umepata mtoto, umeoa, umefiwa: yote yaliandikwa hapo, hadi watu wakalibandika jina la utani la vizazi, ndoa na vifo. Hata umbali wa kutoka Nairobi kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapo.

Ofisi zilipohama, lingeweza kubomolewa. Si unajua bei ya ploti katikati ya jiji? Lakini lilitangazwa turathi ya kitaifa, likawekwa chini ya Makumbusho ya Kitaifa, na leo linaitwa Nairobi Gallery. Vyumba vilivyokuwa na makarani sasa vina picha na vinyago.

Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikusanywa na Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966. Hakumaliza hata mwaka kwa hicho kiti. Alitoka kwa siasa, akatia nguvu kwa sanaa, na miaka ya 1970 akaanzisha African Heritage pamoja na Alan Donovan.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini itakuwa kituo cha utamaduni wa Kiafrika. Haikuwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, mwishowe ikabomolewa. Mkusanyiko ulipona, nyumba ikaenda. Ahadi pekee haishikilii paa.

Linganisha na GoDown. Mwaka 2003, kule Dunga Road, Industrial Area, ghala lililokuwa gereji ya magari liligeuzwa kituo cha sanaa. Halikuwa na urembo wowote. Lakini wachoraji, wachongaji, wacheza densi na wanamuziki walikuwa chini ya paa moja. Kuona Trust, iliyoanza 1995 ndani ya makumbusho, nayo ilihamia huko na studio zake. Mchoraji mchanga alikuwa anafanya kazi kando ya mkongwe, anaona vile anachanganya rangi, anaona vile anaongea na mnunuzi. Hiyo ni shule ambayo hulipii karo.

Kwa hivyo mimi naona hivi. Nairobi Gallery imetufundisha kuokoa kuta: sheria ikisimama, jengo linasimama. GoDown imetufundisha kuokoa kazi: msanii apewe pa kuchafua sakafu kwa rangi bila kufukuzwa. Nyumba ya Muthaiga inatuonyesha kinachotokea ukikosa yote mawili.

Tatizo ni kwamba tukisikia jengo kuukuu linafanywa kituo cha sanaa, tunashangilia rangi mpya na utepe wa kukata. Hatuulizi maswali ya maana. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kodi ya studio ni ngapi, na kijana wa Dandora ataiweza? Usiku nani anabaki na ufunguo? Bila majibu, tunapata jumba zuri la kutazama, na wachoraji wanarudi kupaka rangi kwa chumba cha kulala.

Jengo la 1913 lilijengwa ili tuandikwe ndani ya vitabu vya wengine. Kuingia hapo leo kutazama sanaa ni ushindi, sibishi. Ila ushindi kamili ni kuingia kuifanya.

Haya, mtaani kwenu kuna ukumbi au ofisi gani imefungwa kufuli miaka yote hii? Itaje hapo chini.