Benzini: Neno Lililotoka Chetezoni

Mama wa pwani anapotia ubani kwenye chetezo na mwanakemia anapoandika benzini, wote wawili wanatumia neno moja la Kiarabu: lubani.

Waarabu waliijua tangu kale lubani ya kusini mwa Arabuni na Pembe ya Afrika. Biashara ilipowafikisha Sumatra, wakakuta utomvu mwingine wa kufukiza, unaogemwa mitini. Wakauita lubani jawi, yaani ubani wa Jawa, kwani Sumatra nayo waliiita Jawa. Ibn Battuta, msafiri aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sumatra miaka ya 1340 na kuutaja kwa jina hilohilo.

Ubani huo ulipofika bandari za Mediterania, Wazungu walidhani silabi ya kwanza, lu, ni kile kineno kidogo ambacho lugha zao hutanguliza mbele ya nomino. Wakaikata. Likabaki banjawi, likageuka benjui, mwisho benzoini. Waswahili nao walilipunguza, lakini kwa namna yao: waliangusha l peke yake, na ile u ikaliketisha neno pamoja na unga na udongo.

Katika karne ya 16, benzoini iliyopashwa moto ilitoa fuwele nyeupe, nazo baadaye zikaitwa asidi ya benzoiki. Mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich, mwanakemia wa Berlin, alikeneka asidi hiyo pamoja na chokaa, akapata kimiminika chepesi alichokiita Benzin. Michael Faraday alikwisha kukipata London mwaka 1825, kwenye masalio ya gesi ya taa, ila jina alilokipa halikudumu. Justus von Liebig naye alipendelea Benzol. Mwisho wa neno ukabishaniwa, shina likabaki lilelile la ubani.

Wapo wanaodhani benzini imetokana na Karl Benz, mtengenezaji magari wa Ujerumani. Sivyo. Benz alizaliwa mwaka 1844, miaka 11 baada ya Mitscherlich kulitoa jina hilo. Na leo Waarabu wengi huita petroli banzini: neno lao limewarudia likiwa na sura nyingine.

Mwalimu wa kemia wa Tanga, Lamu au Unguja, siku ya kufundisha benzini, aanzie chetezoni. Wanafunzi wake wataona kwamba neno hili si geni. Ni ndugu wa ubani wa nyumbani kwao.