Kuku, bata na vifaranga banda moja: walishwe nini?

Banda la nyumbani pale Matai, wilayani Kalambo, huwa na mchanganyiko: mitetea inayotaga, jogoo, vifaranga wa wiki mbili, bata, pengine na kanga. Shida inaanza dukani. Mfugaji akinunua mfuko mmoja wa chakula cha kuku wa mayai na kuwamwagia wote, vifaranga ndio wanaoumia.

Chakula cha kutagia kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai. Kifaranga anahitaji karibu asilimia 1 tu. Ikizidi kwa muda mrefu figo zinaharibika, anakufa, na ni rahisi kusingizia kideri.

Kwa hiyo kundi zima lile chakula cha kukuzia, chenye protini ya asilimia 16 hivi. Chokaa ya mifugo au makombe yaliyosagwa yakae kwenye kopo pembeni. Mtetea anayetaga atadonoa mwenyewe anavyohitaji. Vifaranga wa chini ya wiki 8 wanataka protini asilimia 18 hadi 20, hivyo chakula chao kiwekwe ndani ya tenga lenye upenyo ambao kuku mkubwa hapiti.

Kuchanganya mwenyewe kunawezekana kabisa huku. Mahindi na alizeti vinalimwa hapo hapo, dagaa wanatoka Ziwa Tanganyika. Kwa karibu kilo 20 za kukuzia: mahindi yaliyoparazwa kilo 10, pumba za mahindi 3, mashudu ya alizeti 4, dagaa waliosagwa 2, unga wa mifupa nusu kilo, chumvi gramu 50 (dagaa wakiwa wa chumvi, iachwe), pamoja na vitamini za dukani kwa kipimo cha pakiti.

Maharage yamejaa Ufipa, lakini mabichi yana sumu kwa kuku. Soya nayo ikaangwe kwanza.

Kibaya zaidi ni ile tabia ya "mahindi yameoza, wape kuku". Ukungu huleta sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Bata hudhurika nayo haraka kuliko kuku, hasa wadogo. Hao wadogo pia wanahitaji vitamini B3 nyingi kuliko vifaranga wa kuku; wakiikosa, miguu inapinda. Wapewe ya kuchanganya kwenye maji tangu wiki ya kwanza.