Jawabu Lililotupwa: Mipaka ya Majimbo ya Kenya na Imani ya Raia

Mwaka 1962, Waingereza walipokuwa wakijitayarisha kuiacha Kenya, ziliundwa tume mbili za kuwasikiliza raia juu ya mipaka: ya kwanza ilipewa kazi ya kuigawa koloni katika majimbo, kwa kuwa chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, kilihofu makabila madogo yasije yakamezwa na makubwa, na ya pili ikapelekwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD kama ilivyozoeleka, ili ijue wenyeji wake wanataka nini. Tume hiyo ya pili ilikuta kwamba Wasomali, waliokuwa wengi kule, karibu wote walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia, na ikaliandika hilo katika taarifa yake pasi na kuficha.

Jawabu lilikuwa bayana. Hukumu ikaja kinyume chake. Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa kaskazini-mashariki itakuwa jimbo la saba la Kenya, nalo likawa la Garissa, Wajir na Mandera, ilhali Isiolo, Marsabit na Moyale zikatiwa Jimbo la Mashariki. Nasema bila kusita kwamba dhara kubwa haikuwa katika mstari wenyewe, maana kila dola hutaka kuihifadhi ardhi yake; dhara ilikuwa kumwuliza mtu rai yake, kuiandika kwa wino, kisha kuitupa. Wasomali wakaususia uchaguzi wa mwaka ule, na kabla Desemba haijaisha, uhuru haujatimiza hata mwezi, hali ya hatari ikatangazwa, vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga dhidi ya serikali ya Kenya, vikawaka hadi 1967, na sheria za dharura zikabaki juu ya vichwa vya watu wale mpaka 1991, hata mtoto aliyezaliwa Wajir siku ya uhuru akawa mtu mzima wa miaka 28 hivi asijue kuishi chini ya sheria ile ile ya mwenzake wa Nyeri.

Majimbo yenyewe hayakudumu, kwani KADU ilijivunja Novemba 1964. Baadaye wilaya ndizo zilizogeuzwa hidaya, rais akizitangaza kwa kauli yake, hata Septemba 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zote zilizozidi orodha ya sheria ya 1992, yenye wilaya 46 na Nairobi, ni batili.

Katiba ya 2010 ilirejea kwenye orodha hiyo, ikafanya kaunti 47, na ikaamuru mpaka usiguswe bila pendekezo la tume huru na theluthi mbili katika Mabunge yote mawili. Sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote, ijapokuwa halijaumaliza mzozo wa Mackinnon Road, mji mdogo katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambao Kwale na Taita Taveta zimeugombania pamoja na ushuru wake. Na mwenye duka pale ana haki ya kuonyeshwa ramani na maandishi kabla hajaombwa kura.