Matini ya Elisabethville na Uhai wa Kumbukumbu ya Mji

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, mji ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Matini hiyo, ijulikanayo kama Vocabulaire de ville de Elisabethville, inasimulia maisha ya wafanyakazi tangu enzi ya Mfalme Leopold II. Yafaa kuuliza: kumbukumbu hii ya watu wasio na cheo imedumuje, ilhali vyombo vilivyoibeba vimebadilika?

Yav aliandika kama watu walivyosema. Maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu wa shule, wala vituo havikufuata kanuni. Hivyo msomaji wa kimya hukwama. Johannes Fabian alipoitafiti, ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, na hapo ndipo maana ilipojitokeza. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1990, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Mwaka 2001 matini iliwekwa kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha umma iliyosimamiwa na Fabian na Vincent de Rooij huko Amsterdam.

Ni dhahiri kwamba hakuna chombo kilichoiokoa matini peke yake. Kila mara alihitajika mtu wa kuisoma upya, kuinakili nzima, na kutaja mwandishi, mahali na mwaka.

Siku hizi wakazi wa Lubumbashi huzungumza pia kwa Facebook na WhatsApp, na ujumbe wa sauti unakirejesha Kiswahili cha mji kinywani, mahali pake pa asili. Hata hivyo, ujumbe ukisambazwa hutengana na msemaji wake, hufunikwa na mwingine, na huweza kupotea simu inapoharibika. Hifadhi ya zamani ilikuwa na kurasa sahili tu, lakini ilitunza yale ambayo mkondo huo hauyatunzi.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 kwa juhudi za Donatien Dibwe dia Mwembu, Bogumil Jewsiewicki na wenzao, ulithibitisha kwamba kazi hii yaweza kufanyika nyumbani. Isipoendelezwa, mtafiti wa kesho ataweza kuisoma sauti ya mwaka 1965, lakini sauti za leo hatazipata, si Lubumbashi wala Amsterdam.